Kosa Lisiloonekana: Utambuzi na Usahihishaji wa Makosa ya Vielezi katika Sentensi za Kiingereza za Wazungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua na kusahihisha makosa ya vielezi yanayojitokeza katika sentensi za Kiingereza zinazoandikwa na wazungumzaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba makosa mengi ya aina hii hayaanzii katika kielezi chenyewe bali katika kitenzi. Maana ambazo Kiingereza huzikabidhi vielezi kama "already", "yet", "still" na "ever", Kiswahili mara nyingi huziweka ndani ya kitenzi. Kutokana na tofauti hiyo hutokea makosa yanayovunja umbo la sentensi, ambayo mwalimu huyaona mara moja, na makosa yanayoiacha sentensi ikiwa timamu kisarufi huku ikisema jambo ambalo mwandishi wake hakulikusudia. Makala yanashikilia kuwa kundi la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi na ndilo linalosahihishwa kwa nadra. Mifano iliyotumika imeundwa kwa kufuata makosa ambayo mwandishi amekutana nayo katika ufundishaji.

Maneno makuu: kielezi, kitenzi, ukanushi, mpangilio wa maneno, athari za lugha ya kwanza

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuipitia barua ya mapendekezo kabla haijatumwa. Iliandikwa kwa Kiingereza na mkuu wa shule moja ya sekondari kwa ajili ya mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha shuleni hapo huku akisomea shahada kwa njia ya masafa. Miongoni mwa sentensi zake zilikuwamo hizi mbili:

(1) He worked hardly in our school for six years.
(2) He did not finish his degree.

Sentensi ya (1) niliiona papo hapo. Mkuu wa shule alitaka kusema kuwa kijana alifanya kazi kwa bidii, lakini "hardly" humaanisha "kwa shida sana" au "karibu si kabisa", hivyo barua ilikuwa ikitangaza kwamba kwa miaka sita mwalimu huyo hakufanya kazi ya maana. Nikalifuta neno hilo na kuandika "hard". Sentensi ya (2) niliipita bila kusita, kwa kuwa kisarufi haina dosari yoyote. Barua ikatumwa. Baada ya majuma machache kijana alikuja kuniuliza kwa nini waliomsaili walitaka aeleze sababu za kuacha masomo, ilhali alikuwa amebakiza muhula mmoja tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mkuu wa shule alikuwa amefikiri kwa Kiswahili, tena Kiswahili sahihi kabisa: "Hajamaliza shahada yake." Alipolihamisha wazo hilo katika Kiingereza, kiambishi -ja- kilibaki nyuma, na pamoja nacho likabaki tumaini lote la kumaliza. Alichopaswa kuandika ni "He has not finished his degree yet."

Kosa nililoliona lingemfanya msomaji acheke au ashangae, kisha akisie kilichokusudiwa. Kosa nisiloliona halikumpa msomaji sababu yoyote ya kukisia. Makala haya yamekusudiwa zaidi kwa ajili ya kosa hilo la pili.

Mjadala kuhusu makosa ya wajifunzaji una historia ndefu. Lado (1957) alijenga hoja kwamba ugumu wa lugha ya pili unaweza kutabiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza. Corder (1967) akatuzindua kwamba kosa la mjifunzaji si takataka ya kufagiliwa bali ni ushahidi wa mfumo anaoujenga akilini mwake, na akatenganisha kosa la mfumo na mtelezo wa ulimi au wa kalamu. Selinker (1972) akaupa mfumo huo hadhi ya lugha ya mpito yenye kanuni zake. Nakubaliana na wote watatu kwa kiasi tofauti, lakini nawategemea hapa kwa jambo moja tu: kwamba kosa la kielezi lina chanzo, na asiyekijua chanzo hawezi hata kuliona kosa lenyewe.

2.0 Mahali kielezi kinapokaa katika Kiswahili

Vitabu vyetu vya sarufi huwafundisha wanafunzi kwamba kielezi ni neno linalotoa taarifa zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine, kisha huorodhesha vielezi vya namna, wakati, mahali na kiasi. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamfanya mwanafunzi aamini kwamba taarifa ya kielezi lazima iwe katika neno linalojitegemea. Kwa Kiswahili sivyo. Katika "Ameshakula", dhana ya kwamba jambo limekwisha kutendeka imo katika -sha-, mabaki ya kitenzi "kwisha". Katika "Hajala", dhana ya kwamba jambo halijatendeka lakini linatarajiwa imo katika -ja-. "Huamka alfajiri" ina mazoea ndani ya hu-. "Angali amelala" ina mwendelezo ndani ya -ngali. "Alitembeatembea" ina kule kuzurura bila lengo katika kurudiwa kwa shina.

Hata pale Kiswahili kinapotumia neno pekee, neno hilo mara nyingi hutokana na aina nyingine. "Vizuri" na "vibaya" ni mashina ya vivumishi yaliyovikwa vi-. "Kijeshi" na "kitajiri" yamevikwa ki-. "Usiku" na "asubuhi" ni nomino. "Kwa bidii" ni kirai. Halafu kuna viigizi, ambavyo ni utajiri usiotafsirika: mtu hulala fofofo, chumba hujaa pomoni, kitambaa huwa cheupe pepepe. Nimewahi kusoma insha ambamo mwanafunzi, kwa kukosa pa kuipeleka "fofofo", aliandika "slept very much", na nikamwonea huruma kuliko kumkata alama.

Kiingereza nacho hukigeuza kivumishi kuwa kielezi kwa kukiongezea -ly mwishoni, lakini kwa maana za kukamilika, kutarajiwa na kuendelea hutegemea maneno yanayosimama peke yake, na kila neno lina nafasi yake katika sentensi na masharti yake kuhusu uyakinishi na ukanushi. Anayetoka katika Kiswahili kwenda katika Kiingereza hana budi kukitoa ndani ya kitenzi kile alichozoea kukiacha humo.

3.0 Makosa ya umbo

Makosa haya ndiyo yanayojaza vitabu vya mazoezi, nami nitayapitia kwa haraka. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kanuni ya -ly huieneza hadi pasipostahili: huandika "He runs fastly" badala ya "He runs fast". Huchukua "friendly", ambalo ni kivumishi ingawa lina mkia wa -ly, na kuandika "She talked to me friendly" badala ya "in a friendly way". Huandika pia "He speaks English good" mahali pa "well", kwa sababu katika Kiswahili umbo "vizuri" ni moja katika "vitabu vizuri" na katika "anasoma vizuri", na ni nafasi yake katika sentensi tu inayotuambia kama ni kivumishi au kielezi.

Jambo linalostahili kutazamwa kidogo zaidi ni kosa linalozaliwa na usahihishaji wenyewe. Mwalimu akishasisitiza mno kwamba kitenzi hufuatwa na kielezi, mwanafunzi mwenye bidii huandika "The soup tastes well" na "The flowers smell sweetly". Vitenzi vya hisi kama "taste", "smell", "look" na "feel", vinapoeleza hali ya kiima, hufuatwa na kivumishi: "The soup tastes good." Kiswahili hakimsaidii hapa, kwani sisi husema "maua yananukia vizuri" bila wasiwasi. Njia rahisi ya kupima ni kukiondoa kitenzi cha hisi na kuweka "is" mahali pake. Ikiwa sentensi inasimama, kinachohitajika ni kivumishi.

Kundi la mwisho hapa linatupeleka tayari kwenye hatari. Jozi "hard" na "hardly", "late" na "lately", "near" na "nearly" zinafanana kwa sura na kuachana kwa maana. Anayeandika "The bus arrived lately" kwa maana ya kuchelewa ameandika sentensi ambayo msomaji wa Kiingereza ataielewa, ikiwa ataielewa, kuwa basi lilifika katika siku za karibuni.

4.0 "Bado", -sha-, -ja- na "-wahi"

Neno "bado" ni miongoni mwa maneno yenye kazi nyingi zaidi katika Kiswahili, na kwa sababu tunalitumia tangu utotoni hatuoni wingi huo. Tutazame matumizi haya: "Bado amelala." "Bado hajaamka." "Umeshalipa ada?" "Bado." "Bado dakika tano." "Bado wawili." Katika Kiingereza, la kwanza ni "still": "He is still asleep." La pili ni "not yet": "He has not woken up yet." Jibu la tatu ni "Not yet." La nne ni "Five minutes to go", na la tano "Two more are left" au "Two are still missing", kutegemea muktadha. Neno moja limetawanyika katika njia nne au tano.

Mjifunzaji hushika njia moja, mara nyingi "still", na kuipita kila mahali. Kwa hiyo swali "Have you paid the fees?" hujibiwa "Still." Miongoni mwetu sisi wenyewe jibu hilo linaeleweka, kwani sote tunaisikia "bado" nyuma yake. Nje ya duara letu halieleweki, na lisipoeleweka hujazwa kwa namna asiyoitaka msemaji. Tuchukulie wodi ya hospitali ambamo muuguzi anayemaliza zamu anaulizwa na mgeni wa kazi asiyejua Kiswahili kama mgonjwa amekwisha kumeza dawa. Akijibu "Still", mgeni anaweza kudhani mgonjwa bado anaendelea kunywa dawa hizo. Jibu "Not yet" lina silabi mbili tu, na linazuia dozi kurukwa.

Upande wa -sha- ni mwepesi kiasi. "Nimeshakula" ni "I have already eaten." Hata hivyo wajifunzaji wengi hulipeleka "already" katika ukanushi na kuandika "He has not already come" wakimaanisha kuwa hajaja. Kwa kawaida "already" hukaa katika uyakinishi, na ukanushi wa kutarajia huchukua "yet". Hapa ninatoa tahadhari kwa walimu wenzangu: sentensi "I already ate", yenye wakati uliopita sahili, ni ya kawaida nchini Marekani, na mwanafunzi aliyeisikia katika filamu hajakosea kwa kiwango kinachostahili wino mwekundu. Mtihani unaofuata desturi ya Uingereza utadai "I have already eaten", na inatosha mwanafunzi aambiwe hivyo.

Hatari kubwa iko katika -ja-. Kiswahili hutofautisha kwa ukali "Mzigo haukufika" na "Mzigo haujafika". La kwanza linafunga suala. La pili linaliacha wazi. Mtu hawezi kuyachanganya, hata mtoto. Lakini katika Kiingereza cha wajifunzaji yote mawili huangukia sentensi moja:

(3) The cargo did not arrive.

Wakala wa forodha mjini Kigali anayemwandikia mwenye mali mjini Dar es Salaam sentensi hii huku akimaanisha "haujafika" amemwambia kwamba safari imekwisha na mzigo haupo. Mwenye mali mwenye haraka ataanza kuulizia bima. Kama angeandika "The cargo has not arrived yet", mwenye mali angesubiri na kupiga simu kesho yake. Sentensi ya (3) haina neno lililokosewa wala neno lililo mahali pasipo pake. Kielezi kilichokosewa ni kile ambacho hakimo. Ndiyo maana macho ya msahihishaji hupita juu yake kama yalivyopita yangu juu ya sentensi ya (2).

Kitenzi "wahi" kina kisa chake. Asili ya maana yake ni kufika kwa wakati, kama tunavyosema "amewahi basi". Kikisaidia kitenzi kingine hueleza tajiriba: "Nimewahi kufika Mombasa", "Umewahi kufika Mombasa?", "Sijawahi kufika Mombasa". Angalia kwamba kinafanya kazi sawasawa katika uyakinishi, katika swali na katika ukanushi. Kiingereza kina "ever" kwa swali na "never" kwa ukanushi, na mjifunzaji, kwa mantiki isiyo na lawama, hukamilisha pembe ya tatu kwa kuandika:

(4) I have ever been to Mombasa.

Kasoro ya (4) ni kwamba "ever" kwa maana hii halikubali sentensi ya uyakinishi wa kawaida. Linakaa katika maswali, katika ukanushi, baada ya "if", na pamoja na sifa za kilele kama katika "the best book I have ever read". Uyakinishi hauhitaji kielezi chochote: "I have been to Mombasa." Anayetaka kusisitiza anaweza kuongeza "before" au "once". Na "Niliwahi kufundisha Musoma" ni "I once taught in Musoma." Nimeona wanafunzi wakilielewa jambo hili katika dakika chache pale wanapochorewa pembe tatu za "wahi" ubaoni na kuona kwamba pembe moja katika Kiingereza ni tupu.

Limebaki suala la ukanushi maradufu. "Kamwe", "asilani", "abadan" na "hata kidogo" hufuatana na kitenzi kilichokwisha kukanushwa: "Sitakwenda kamwe." Mjifunzaji akilitafsiri "kamwe" kwa "never" hupata "I will not go never." Katika Kiingereza sanifu "never" lenyewe ni kikanushi, na vikanushi viwili katika kishazi kimoja havitakiwi. "Hardly", "rarely" na "seldom" nayo hubeba nusu ya ukanushi, hivyo "He doesn't rarely visit us" humwambia msomaji kwamba jamaa huja mara nyingi, kinyume cha malalamiko ya mwandishi.

5.0 Mahali pa kielezi katika sentensi

Katika Kiswahili tunaweza kusema "Napenda muziki sana" au "Napenda sana muziki", "Anazungumza Kiingereza vizuri" au "Anazungumza vizuri Kiingereza". Kiingereza hakipendi kitenzi na yambwa yake vitenganishwe. Sentensi "I like very much music" na "She speaks well English" ni makosa, kielezi kinahamishwa kwenda baada ya yambwa: "I like music very much", "She speaks English well." Vielezi vya ujirudiaji kama "always", "often" na "usually" hutangulia kitenzi kikuu lakini hufuata "be" na kitenzi kisaidizi cha kwanza: "He always comes late", "He is always late", "He has always been late."

Kwa wenzetu wa Burundi na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa kizazi cha Rwanda kilichosoma kabla ya Kiingereza kuchukua nafasi ya Kifaransa shuleni kuanzia mwaka 2008, suala hili lina tabaka la pili. Kifaransa nacho huweka kielezi baina ya kitenzi na yambwa: "J'aime beaucoup la musique." Pollock (1989) alieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba kitenzi cha Kifaransa hupanda juu ya kielezi katika muundo wa sentensi, ilhali kitenzi kikuu cha Kiingereza hubaki chini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura anayeandika "I like very much music" anasukumwa na lugha mbili kwa pamoja, na kumwambia tu "usitafsiri kutoka Kiswahili" ni kumponya mguu mmoja.

Lydia White (1991) aliwachunguza watoto wazungumzaji wa Kifaransa waliokuwa wakijifunza Kiingereza huko Quebec. Kundi moja lilifundishwa bayana mahali pa vielezi kwa majuma mawili, jingine likafundishwa jambo tofauti. Waliofundishwa vielezi waliacha kuweka kielezi baina ya kitenzi na yambwa, na wasiofundishwa waliendelea. Lakini baadhi ya waliofundishwa walipopimwa tena mwaka mmoja baadaye, faida ilikuwa imetoweka. Sijui tokeo lingine la utafiti ambalo mwalimu wa lugha katika eneo letu anapaswa kulikumbuka zaidi ya hilo anapofunga mada ya vielezi mwezi wa pili na kutoirudia hadi mtihani wa taifa.

Kielezi "only" kinahitaji aya yake. "Tu" ya Kiswahili hufuata kile inachokiwekea mpaka: "wanachama tu", "vitabu vitatu tu". Mjifunzaji hulipeleka "only" nyuma ya nomino vivyo hivyo:

(5) Members only can borrow three books.

Je, wasio wanachama hawaruhusiwi kuazima vitabu vitatu, au wanachama hawaruhusiwi kuzidisha vitatu? Msomaji anabaki njia panda. Katika maandishi rasmi, "only" liwekwe mbele ya kile kinachowekewa mpaka: "Only members can borrow three books" kwa maana ya kwanza, "Members can borrow only three books" kwa maana ya pili. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hulegeza kanuni hii wanapozungumza, kwa kuwa sauti yao hufanya kazi ya kubainisha. Tangazo lililobandikwa mlangoni halina sauti.

6.0 Vielezi vinavyodanganya

"Mno" hubeba sifa na lawama kwa pamoja. "Mgeni wetu ni mkarimu mno" ni sifa. "Chai ina sukari mno" ni lawama. Kiingereza huzigawa: "very" kwa wingi wa sifa, "too" kwa kupita kipimo kinachofaa. Aliyeandika "Your proposal is too good" akitaka kumpongeza mfadhili amemwachia mfadhili ajiulize ni zuri kupita kiasi kwa ajili ya nini.

"Hata mimi" limezaa "Even me, I don't know", sentensi inayosikika kote katika Afrika Mashariki. Kwa Kiingereza sanifu "even" hudokeza kwamba jambo halikutarajiwa, ilhali msemaji wetu mara nyingi anakubaliana tu na mwenzake, na angetakiwa kusema "I don't know either." Wapo wanaoiona kuwa alama ya Kiingereza chetu, nami siwapingi. Maoni yangu ni kwamba katika mazungumzo baina yetu iachwe iishi. Isahihishwe pale inapobadilisha maana kwa msomaji wa mbali.

Kwa waliopitia Kifaransa kuna maneno mawili ya kuogopwa. "Actually" linafanana na "actuellement", ambalo maana yake ni "kwa sasa". Lakini "actually" ni "kwa kweli" na hudokeza kumrekebisha anayesikiliza. Anayeandika "Actually, I teach in Bukavu" anaonekana kumsahihisha mtu aliyedhani anafundisha kwingine. Alichotaka ni "At present". Baya zaidi ni "eventually", linalofanana na "éventuellement". La Kifaransa humaanisha "pengine" au "ikibidi". La Kiingereza humaanisha "hatimaye", yaani ni ahadi. Msafirishaji anayemwandikia mteja "We will eventually send a second lorry", akifikiri kwa Kifaransa, amesema kwamba huenda wakatuma lori la pili. Mteja anasoma kwamba litakuja, hata likichelewa, na anasubiri. Sentensi hii nayo haina kosa linaloonekana.

7.0 Namna ya kusahihisha

Kama nilivyoonesha, orodha ya kanuni haitoshi kumwezesha mwalimu kuyaona makosa ya sentensi za (2) na (3). Ninachopendekeza ni desturi ya kuirejesha sentensi katika Kiswahili kabla ya kuipitisha. Msahihishaji anapofika kwenye kitenzi chenye ukanushi au chenye wakati uliopita, ajiulize mwandishi alikuwa na kitenzi gani cha Kiswahili kichwani. Kama sentensi moja ya Kiingereza inaweza kurudi katika vitenzi viwili vya Kiswahili vinavyopingana, kama "haukufika" na "haujafika", hapo pana shaka, na mwandishi aitwe aulizwe: ulitaka kusema nini? Aulizwe kwa Kiswahili. Jibu lake litakuwa na -ja- au -ku-, na kosa litakuwa limejitangaza lenyewe.

Natambua kwamba pendekezo hili linagongana na utaratibu wa shule nyingi zinazomwadhibu mwanafunzi anayesema neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, au hata uwanjani. Nia ya utaratibu huo inafahamika: mwanafunzi azoee. Lakini shule inayokifukuza Kiswahili darasani inakifukuza pia chombo pekee kinachoweza kuonesha kwamba "did not finish" ilikuwa "hajamaliza". Mwanafunzi ataendelea kufikiri kwa Kiswahili kimyakimya, na mwalimu hatakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Katika kuweka alama, nashauri mstari upigwe chini ya kitenzi pamoja na kielezi, na pale kielezi kinapokosekana alama iwekwe katika nafasi tupu kilipostahili kukaa. Mwanafunzi aone kwamba pengo nalo ni kosa. Aidha makosa yapimwe kwa madhara yake. "Fastly" linachukiza sikio lakini halimdanganyi mtu, na linaweza kungoja. "Hardly", "yet" lililosahauliwa, "only" lililohama na "eventually" la Kifaransa yasingojee. Na kwa kuzingatia alichokiona White, mada hii irudiwe kidogokidogo mwaka mzima: dakika tano za mwanzo wa kipindi, sentensi moja ya Kiswahili ubaoni, wanafunzi wawiliwawili waiandike kwa Kiingereza.

Sentensi ninayoanza nayo kila mara ni "Mzigo haujafika". Darasa moja la walimu wanafunzi lilinipa sentensi nne tofauti kwa hiyo moja: "The cargo did not arrive", "The cargo has not arrived", "The cargo still has not arrived" na "The cargo has not arrived yet". Tukatumia kipindi chote kuamua ni ipi kati yake ingemfanya mwenye mali apige simu, ipi ingemfanya akasirike, na ipi ingemfanya aende kwa mwanasheria. Hawakuafikiana kuhusu ya pili na ya nne, nami sikuwalazimisha. Kuhusu ya kwanza hakukuwa na ubishi.